Kusimama na Pikipiki: Mazoezi ya Urari na Hadhari za Njiani

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukaribiapo, maneno ya gazeti letu huwa aghalabu juu ya ngazi, majamvi, magunia na mzani. Safari hii twaomba ruhusa yenu kusema juu ya jambo ambalo halioti shambani, lakini limeingia katika kazi yetu kama ngazi ilivyoingia, nalo ni pikipiki. Na katika habari za pikipiki hatutaki kusema juu ya mbio, kwani juu ya mbio wengi wamekwisha kusema. Twataka kusema juu ya kusimama.

Wazee wetu walichukua karafuu kwa vichwa na kwa punda, na kutoka Pemba zikavushwa kwa majahazi mpaka Unguja. Punda alikuwa na sifa moja kubwa: akisimama, husimama kwa miguu yake mwenyewe, na mwenyewe aweza kuamkiana na watu hali gunia limetulia mgongoni. Pikipiki haina sifa hiyo. Ikienda hujibeba, ikisimama hubebwa. Mwenye kuisahau tofauti hii hukumbushwa na ardhi.

Huenda mtu akasema kwamba kuanguka penye kusimama ni jambo dogo, la kuchekwa na watoto tu. Sivyo. Gunia la kilo 50 za karafuu kavu limetokana na kiasi cha kilo 150 za karafuu mbichi, kwa kuwa karafuu hupoteza kiasi cha thuluthi mbili za uzito wake juani. Kabla ya kufika juu ya pikipiki, karafuu hizo zimechumwa, zimechambuliwa makonyo, zimeanikwa na kuanuliwa siku baada ya siku kwa kukimbizana na mvua. Gunia hilo likipasuka matopeni hatua 20 tu kutoka penye mzani, kazi ya nyumba nzima imeingia maji.

Na gunia ndilo dogo. Kifundo cha mguu kikivunjika mwanzo wa msimu, huchukua wiki nyingi kuunga, na karafuu haimngoji mgonjwa: isipochumwa kwa wakati wake huchanua, na thamani yake ikapotea juu ya mti. Mchumaji alipwaye kwa pishi hana malipo siku asiyopanda mti. Kwa hivyo mguu mmoja uliokandamizwa na pikipiki iliyosimama waweza kuondoa mapato ya msimu mzima. Hiyo ndiyo sababu ya kuliandika jambo hili.

KWA NINI PIKIPIKI HUANGUKA ISIMAMAPO

Watazameni watoto wanapoendesha ringi la baskeli kwa kijiti. Ringi likienda mbio hunyooka, na hata likigonga kijiwe hujirudi lenyewe. Likipunguza mwendo huanza kuyumba, mara kushoto mara kulia, na mwisho hulala. Pikipiki ni vivyo hivyo. Iendapo, kila ikitaka kulalia upande mmoja, ringi la mbele hugeuka kidogo kuelekea upande ule ule, na maringi yakaja tena chini ya uzito. Ni kama mtu asimamishae ufagio juu ya kiganja: ufagio ukiinama kushoto, naye hupeleka mkono kushoto, asije akauachia. Mwenye kuendesha hufanya hivyo kila wakati bila ya kujijua, na chombo chenyewe humsaidia.

Lakini mwendo ukishuka ukawa sawa na mwendo wa mtu atembeae kwa miguu, msaada ule wa chombo hupungua sana. Usukani wataka kugeuzwa zaidi na zaidi ili kuyarudisha maringi chini ya uzito, na chombo kikisimama kabisa hakuna tena cha kurudisha. Hapo urari wote umo katika mguu wa mwendeshaji na mahali alipoukanyaga. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Walisema kweli juu ya waendao kwa miguu. Lakini kwa mpanda pikipiki, mwendo wa pole ndipo penye kujikwaa kwake, asipokuwa amejifunza.

Jambo la pili la kujua ni hesabu ya uzito. Pikipiki ndogo itumikayo na wengi wetu ina kiasi cha kilo 110 au 120. Ongeza mtu wa kilo 70 na gunia la kilo 50, jumla yapata kiasi cha kilo 240. Uzito huu ukiwa wima, kidole kimoja chatosha kuushika. Ukiinama kidogo tu, mguu mmoja wauzuia bila ya taabu. Lakini kila ukizidi kuinama nguvu itakiwayo huzidi: ukiinama nyuzi 30, nguvu ya kuuzuia huwa karibu mara 6 ya ile iliyotakiwa ulipoinama nyuzi 5. Ndiyo maana mtu huhisi kwamba chombo kilikuwa chepesi, kisha ghafla kikawa kizito mno. Hakikubadilika, kilipita mpaka wake. Mwenye kujua mpaka wa chombo chake hukizuia kabla hakijaufika, na kikiupita hukiacha kilale na kuuondoa mguu wake. Chuma hununuliwa, mguu haununuliwi.

MAMBO MANNE YANAYOWAANGUSHA WATU

La kwanza ni kubana breki ya mbele hali usukani umegeuka. Katika mwendo wa haraka, breki ya mbele ndiyo yenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha, kwani uzito mwingi huja mbele, wala hatumwambii mtu aiache. Lakini katika hatua za mwisho, mwendo ukiwa mdogo na usukani umepinda, kuibana kwa ghafla hulivuta ringi la mbele na chombo hulala upande ule usukani ulikoelekea. Walio wengi wanaoanguka langoni mwao wenyewe, wakiingia uani, huanguka kwa sababu hii.

La pili ni kuteremsha mguu pasipofaa. Mtu husimama vizuri, kisha mguu wake ukakanyaga kokoto, tope, majani maji, ukingo wa mtaro, au makonyo yaliyoanikwa kando ya lami. Makonyo makavu chini ya kiatu huteleza kama shanga. Kadhalika hutokea mguu ukakosa ardhi kabisa, kwa kuwa mahali pale pana bonde.

La tatu ni kutazama chini. Mtu akitazama ringi la mbele, mabega na mikono yake hufuata macho, na chombo hufuata mikono. Tazama mbele, mahali utakapo kwenda, au pale utakapo kusimama. Ardhi ya kukanyaga ichague mapema, kabla hujafika.

La nne ni mzigo kukaa juu na nyuma. Tutalisema mahali pake.

MAZOEZI

Mazoezi haya hayataki mwalimu wa mbali wala gharama kubwa. Yataka uwanja ulio sawa, kama uwanja wa mpira wakati hauna watoto, na nusu saa asubuhi kabla ya jua kali. Vaa viatu vilivyofunika kifundo, suruali ndefu na kofia ngumu, ijapokuwa mwendo ni wa pole. Mtu asifanye peke yake. Awepo mwenzake wa kumsaidia kuinua chombo kikilala. Na asiende zoezi la pili kabla la kwanza halijamkaa.

Zoezi la kwanza hufanywa hali mashine imezimwa. Simama juu ya pikipiki, miguu miwili chini, pasi na mzigo. Ilaze kidogo kushoto, uirudishe. Kisha kulia, uirudishe. Ongeza kidogo kidogo mpaka uhisi pale uzito unapoanza kukushinda, kisha urudi. Huo ndio mpaka tuliousema. Fanya mpaka goti na nyonga zikuambie zenyewe, bila ya kufikiri.

Zoezi la pili, shuka, usimame upande wa kushoto wa chombo, ukisukume hatua 20 ukikiegemeza kidogo kwenye nyonga yako, na vidole viwili viwe juu ya breki ya mbele. Simamisha taratibu usukani ukiwa umenyooka. Kisha sukuma kwa kuzunguka kushoto na kulia. Mtu asiyeweza kuisukuma pikipiki yake bila ya kuiangusha hawezi kuisimamisha kwa gunia.

Zoezi la tatu, washa mashine, tia gia ya kwanza, na uachie klachi polepole mpaka chombo kitake kwenda. Hapo pana mahali pake: mashine hubadilisha sauti, na chombo huinuka kidogo kama punda aliyesikia mjeledi. Pajue mahali hapo. Enda kwa kujikongoja, miguu ikigusa chini, hatua 10, kisha ubane klachi na kusimama. Rudia mara 20. Wenye vespa za kisasa zisizo na klachi wazoee kuvuta mafuta kidogo mno, huku breki ya nyuma, ambayo kwao iko mkono wa kushoto, ikishikilia kidogo.

Zoezi la nne ni mashindano ambayo mshindi wake ndiye wa mwisho kufika. Pimeni hatua 20, muweke vijiti viwili, na kila mtu aende kutoka kijiti hata kijiti kwa mwendo mdogo kabisa bila ya kukanyaga chini. Siri yake ni mambo matatu pamoja: mafuta kidogo yasiyobadilika, klachi ishikwe pale penye mahali pake, na mguu wa kulia uikanyage kidogo breki ya nyuma. Breki ya mbele iachwe. Macho yawe kwenye kijiti cha mbali. Mkiwa wanne au watano, zoezi hili huwa mchezo mzuri, na aliyekuwa hodari wa mbio huona kwamba hapa pana uhodari mwingine.

Zoezi la tano ndilo shabaha ya mengine yote. Chora mstari chini. Njoo kwa gia ya pili, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Acha mafuta, bana breki zote mbili kwa pamoja na kwa taratibu, shuka gia ya kwanza, na usukani unyooke. Hatua za mwisho ilegeze ya mbele, umalize kwa ya nyuma. Ringi la mbele liguse mstari, chombo kisimame kabisa, na hapo ndipo mguu wa kushoto uteremke. Wengi huteremsha miguu yote miwili tangu mbali, wakaiburura kama nanga. Ni desturi mbaya: mguu uburutwao hunaswa na jiwe na kukunjwa nyuma, na mguu wa kulia ulioiacha breki hauna faida tena.

Kwa nini mguu wa kushoto? Kwa sababu wa kulia una kazi ya kushika breki ya nyuma, na juu ya kilima breki hiyo ndiyo inayokuzuia kurudi chini. Lakini jueni kwamba barabara imeinuka katikati na kuinama kwenye kingo zake ili maji yashuke, na sisi huenda upande wa kushoto. Kwa hivyo upande wa kushoto ardhi iko chini zaidi. Aliye mfupi asisogee ukingoni kabisa, na asogeze kiuno chake kidogo kushoto juu ya kiti ili mguu ufike.

Zoezi la sita ni kilima, na kisiwa chetu ni cha vilima na mabonde. Apandae kutoka bandarini Mkoani haambiwi. Simama juu ya mwinuko mdogo, mguu wa kushoto chini, wa kulia juu ya breki. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi mpaka mahali pake, usikie chombo kinataka kwenda, kisha ndipo uachie breki. Asiyejua hivi huachia breki kwanza; chombo hurudi nyuma, naye hubana ya mbele, gunia likamvuta chali. Katika kushuka, usizime mashine wala usiende kwa gia huru kwa ajili ya kuweka petroli. Petroli uliyoiweka ni ndogo, na breki peke yake, zikipata moto, huchoka kama mtu achokavyo.

Zoezi la saba ni mzigo. Anza na mchanga wa kilo 10 katika gunia, urudie zoezi la tano na la sita. Kisha 20, kisha 30, mpaka ufike mzigo uuchukuao msimu. Usijaribu kwa karafuu. Mchanga ukimwagika haumlizi mtu.

ADABU ZA KUSIMAMA NJIANI

Mtu akiwa amejua kusimama uwanjani, bado hajajua kusimama barabarani, kwani barabarani wamo wengine. Kila usimamapo, fuata utaratibu huu.

Kabla ya kupunguza mwendo, tazama kioo, kisha utazame kwa kichwa. Toa ishara mapema kwa indiketa, na mkono ukiwa huru uutumie pia. Gusa breki kidogo mara mbili ili taa ya nyuma imwambie aliyeko nyuma yako kwamba unakusudia kusimama. Taa hiyo iangaliwe kila wiki. Taa iliyokufa ni ulimi uliokatwa.

Kumbuka masafa. Aendae kilomita 30 kwa saa hupita kiasi cha mita 8 kila sekunde. Mtu huchukua kiasi cha sekunde moja kutambua hatari na kufikisha mkono kwenye breki, na kwenye lami kavu, kwa breki nzuri, hutaka kama mita 7 nyingine kusimama. Jumla mita 15. Akienda kilomita 60, sekunde ile peke yake ni karibu mita 17, na breki hutaka kiasi cha mita 28. Jumla mita 45. Mwendo umezidi mara mbili, lakini masafa ya breki yamezidi mara nne. Mvua ikinyesha, au njia ikiwa ya kifusi, au kuna gunia nyuma, hayo yote huzidi tena.

Usisimame katika kona, wala chini tu ya kilele cha kilima, wala mbele ya gari la abiria litakalo kuondoka. Ukisimama nyuma ya gari, acha nafasi ya kutosha kupita pembeni yake, na usimame upande mmoja wa nyuma yake, si katikati. Mafuta yanayodondoka kutoka mashine za magari hudondokea katikati ya njia, hasa pale magari yasimamapo siku zote. Na mvua za kwanza zikinyesha, mahali hapo huteleza kama sabuni.

Ukisha kusimama, usijione umefika. Baki katika gia ya kwanza, klachi imebanwa, breki ya nyuma imeshikwa, na macho kwenye kioo, mpaka gari lijalo nyuma limesimama nalo. Ukiona halisimami, una pa kutokea. Aliyetia gia huru, akaachia mikono na kutoa simu, hana pa kutokea. Simu ingoje, mnunuzi hatauhama mzani.

Kabla ya kuondoka tena, tazama nyuma kwa kichwa, si kwa kioo tu, kwa kuwa kuna pande ambazo kioo hakizioni. Na hakikisha kwamba stendi ya pembeni imepandishwa. Stendi iliyosahauliwa chini hugonga ardhi mtu akatapo kona ya kushoto, ikamtupa.

Ukiegesha chombo penye udongo laini, au penye lami iliyolainika kwa jua, weka chini ya stendi jiwe bapa, kipande cha ubao au kifuu kilichofunikwa. Stendi huzama polepole, na mtu hukuta pikipiki yake imelala juu ya gunia la mwenziwe. Hapo ndipo ugomvi wa vituoni unapoanza. Kwenye mwinuko, egesha hali ringi la mbele limeelekea juu, na uache chombo katika gia ya kwanza.

MZIGO NA ABIRIA

Mzigo uwe chini, karibu na kiti, na sawa pande zote mbili. Mwenye kuchukua mzega hujua: ndoo mbili zilizo sawa huchukulika, ndoo moja yenye uzito ule ule humpinda mtu mgongo. Magunia mawili ya nusu nusu yaliyoning'inizwa pande mbili ni bora kuliko gunia moja kubwa lililokaa juu nyuma ya mgongo. Yafungwe kwa kamba isiyolegea, na ncha zote zikunjwe, zisije zikaingia katika mnyororo. Ngazi isichukuliwe kwa pikipiki. Haipo njia ya kuichukua isiyokuwa hatari kwa mwenyewe au kwa wapitao.

Abiria apande na ashuke upande wa kushoto, hali mwendeshaji ameweka miguu miwili chini na kubana breki ya mbele, na baada ya kuambiwa. Kushoto ni upande wa ukingo wa njia, mbali na magari. Na katika pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, nalo huwa la moto hata baada ya mashine kuzimwa. Aliyeungua mguu kwa bomba amwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala samli. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikitoa malengelenge, aende hospitali.

Chombo kikisimama njiani, abiria asiteremshe miguu wala asiegemee upande. Atulie kama gunia lililofungwa vizuri. Mabibi wavaao buibui na kanga, na mabwana wavaao kanzu, wakusanye nguo na kuzikalia kabla ya kuondoka, kwani nguo iliyonaswa na ringi au mnyororo humvuta mtu chini kwa nguvu isiyoweza kushindwa. Mtoto asiyefikisha miguu mahali pa kuwekea miguu bado hajawa abiria wa pikipiki.

KOFIA

Wengi huvaa kofia ngumu katika safari ndefu na kuitundika kwenye usukani katika safari fupi. Kichwa hakijui safari fupi. Mtu aangukae hali amesimama, kichwa chake hushuka kutoka urefu wake wote, na lami ni ile ile. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69, kwa waliopata ajali za pikipiki. Lakini kofia isiyofungwa chini ya kidevu ni ya mapambo; hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe. Na abiria ana kichwa pia.

WANAOSEMA "SISI TWAJUA"

Wapo watakaosema kwamba wameendesha miaka mingi na hawana haja ya kuchezea vijiti uwanjani. Twawaheshimu, na kwa hakika wamo wanaoweza kutufundisha. Lakini miaka mingi ya kuburuta miguu humfundisha mtu kuburuta miguu. Mchumaji wa miaka 30 bado huitikisa ngazi kabla ya kuipanda, na hakuna amwitae mwoga. Kuijaribu breki na kulijua gunia lako kabla ya msimu ni jambo la namna hiyo hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Sisi nasi twaamini kadari. Lakini mwenye kutawakali kwanza humfunga ngamia wake, kisha ndipo hutawakali. Aliyeacha kuifunga kofia, akasimama katika kona kwa gunia lililolegea, hakutawakali, amejipuuza.

Kwa hivyo twawaomba viongozi wa matawi wachague, kila mmoja kwao, uwanja na asubuhi mbili kabla ya uchumaji kuanza, na wawaite vijana wanaochukua mizigo yetu, wawe wanachama au wasiwe, kwani karafuu iliyo nyuma yao ni yetu na roho iliyo juu ya kiti ni ya mama yao. Mwenye kusoma amsomee asiyesoma. Na mwenye pikipiki, asubuhi ya leo, kabla ya kwenda popote, asimame juu yake hali imezimwa, ailaze kidogo kushoto, airudishe, ailaze kulia, airudishe. Hapo ndipo pa kuanzia.

Twawatakia msimu wa kheri, jua la kutosha majamvini, na safari za salama mpaka penye mzani na kurudi.

Wenu katika kazi,
KATIBU